Shakwe Mweupe Nyuma ya Tanuri

Jumamosi, 9 Januari

Ukungu tangu alfajiri. Mimi na baba mkwe tumekaa kwenye benchi la gati, tukiwatazama shakwe juu ya paa la ghala la samaki. Wanatokea, wanafutika, wanatokea tena. Kama vile kuna mtu mahali fulani anawaota.

Baba mkwe ni mpima hali ya hewa mstaafu. Kila majira ya baridi, kwa miaka thelathini, ameandika shakwe wa hapa kwenye daftari moja nene. Sasa ana mtoto wa jicho, na Alhamisi anapasuliwa. Kabla ya hapo anataka kumpata wa kumwachia daftari. Ama mimi, ama shemeji yangu, mwanawe, mwoka mikate.

Amesema litakwenda kwa anayeandika alichokiona, si alichotamani kukiona. Nimemwambia basi ni mimi. Mimi ni fundi saa, nina jicho. Papo hapo nikamwonyesha shakwe adimu wa mgongo mweusi, ametulia juu ya boya.

Ukungu ukaachia. Kumbe ni ndoo ya lami.

Jumapili, 10 Januari

Kazi ngumu hii. Shakwe mmoja hubadili koti kila mwaka mpaka akue: mara madoa ya kahawia, mara kijivu, mara nusu kwa nusu. Ndugu wawili hawafanani, na wasiojuana wanafanana kama mapacha. Baba mkwe anasisitiza: tazama miguu, mgongo, mdomo, ncha za mabawa, ndipo ufungue kinywa.

Shemeji alitazama mmoja robo saa nzima, kisha akasema hajui. Mzee akatabasamu kana kwamba amepewa zawadi. Mtu anasifiwa kwa kutojua! Mimi nimetaja majina sita kwa ndege watano, sikuambulia hata ahsante.

Mke wangu anasema mdomo wangu hufika kabla ya macho yangu.

Jumanne, 12 Januari

Nimemwona.

Nilipita nyuma ya tanuri la shemeji kununua mkate. Juu ya ukuta, shakwe mweupe pepe. Mgongo mweupe. Ncha za mabawa nyeupe. Alitua kimya, kama theluji iliyoamua kupumzika. Shakwe wa barafu, anayeshuka kutoka kaskazini ya mbali, ambaye baba mkwe hajawahi kumwandika. Nilisimama mpaka vidole vikafa ganzi.

Kweli, mlango wa stoo ya unga ulikuwa wazi na gunia moja limepasuka. Kweli, nyayo nyeupe zilitoka mlangoni hadi ukutani. Niliziona. Nikageuza uso nikatazama mawingu.

Kabla ya kuondoka nilimwaga maganda ya mkate ndani ya stoo. Mlango nikauacha kama nilivyoukuta, wala sikumwambia mtu.

Jumatano, 13 Januari

Nimempeleka mzee kwa kumshika mkono. Shakwe alikuwepo, mweupe kuliko jana. Shemeji alitoka na aproni yake, akasimama kando.

Mzee alisema anaona weupe tu. Akaniuliza ncha za mabawa. Nikasema nyeupe. Akatoa kalamu mfukoni. "Huyu nimemngoja miaka thelathini," akasema polepole, na sauti yake ilinichoma. Hapo ndipo ningesema. Sikusema.

Manyunyu yakaanza. Shakwe akajikung'uta, wingu zima likatuangukia, na chini yake akabaki shakwe wa kijivu wa kila siku. Mzee alipangusa shavu, akanusa vidole vyake.

"Barafu hii inanukia mkate," akasema.

Akarudisha kalamu mfukoni. Daftari akampa shemeji. Njia nzima hakuniachia mkono, na hilo liliniuma zaidi.

Jumapili, 17 Januari

Upasuaji umekwenda salama. Jicho moja limefunguliwa, na mzee akataka gatini moja kwa moja. Bahari ilikuwa shwari, ndege wakielea kama mawazo ya mtu aliyeshiba.

Halafu akamwuliza shemeji miguu ya yule wa karibu ina rangi gani. Waridi. Na yule? Waridi pia. Akaomba daftari, akapekua. Miaka minane ya mwisho, wa namna hiyo wote ameandika miguu ya njano. Mtoto wa jicho alikuwa akimpakia dunia rangi ya chai.

"Kumbe nimewavisha soksi," akasema. Akacheka mpaka tukaogopea jicho. Shemeji naye alicheka, akapiga mstari juu ya majira nane ya baridi.

Kisha mzee akaniita nikae karibu, akaniuliza yule wa mwisho kwenye mlingoti ni nani. Nikatazama miguu. Mgongo. Mdomo. Ncha za mabawa. Nikasema sijui. Akanipigapiga goti. Tulikaa hivyo, na kwa mara ya kwanza sikutamani ndege yeyote awe mwingine.

Jumatatu, 18 Januari

Nimewaza usiku kucha. Kosa halikuwa langu, lilikuwa la shakwe. Wanafanana mno. Mtu mwenye kipaji apoteze muda wa nini? Naanza na bata.

Asubuhi, nikienda dukani kwangu, niliona kitu bwawani, mbali kidogo, kwenye matete. Sikusimama, nilikuwa nimechelewa. Nimemtangazia jirani yangu mshona viatu kwamba tumetembelewa na bata ambaye hajawahi kuonekana nchi hii.

Hakuniuliza nimejuaje. Mtu mwelewa sana yule. Sijui kwa nini sikumzoea mapema.