Punda Ndiye Shahidi Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Mke wangu ameondoka. Kabeba begi kubwa, kaenda kwa dada yake mtaa wa pili. Kisa? Nimepiga kelele kidogo. Kidogo tu! Mlango wa kabati haufungi, nikaupiga teke, nikaukemea, na yeye aliyesimama karibu nikamkemea. Sasa mtu asikemee kabati lake mwenyewe?

Alipofika mlangoni akageuka. Akasema hata mnyama hawezi kukaa na mimi.

Hata mnyama! Mimi! Fundi friji ninayeheshimika! Nimebaki sebuleni na bisibisi mkononi. Mchana, nikiwa nimeingiza kichwa ndani ya friji ya mteja, wazo likaja. Nikipata mnyama anayekaa na mimi, mke wangu atakuwa amesema uongo, na mtu aliyesema uongo hana budi kurudi nyumbani. Jambo rahisi kabisa. Sijui kwa nini wenye ndoa wengine wanahangaika.

Wanyama wapo. Nyuma ya zahanati kuna kile kiwanja cha watoto tunachokiita Kishamba. Bembea, mtelezo, mchanga wa kuchezea, na humo humo mbuzi, kondoo, sungura, bata, kuku na punda jike mmoja mzee. Watu wa mtaa huja kuwalisha na kukaa nao. Sijawahi kukanyaga pale. Nilidhani ni pa watoto na wasio na shughuli.

Nimekwenda jioni. Msimamizi ni mama wa makamo anayevaa buti za mpira, mvua inyeshe isinyeshe, na watoto wanamwita Mama Buti. Nimemwambia nataka mnyama wa kunipenda, haraka, kabla ya Jumamosi. Hakucheka. Kasema hapa mgeni hapewi majani wala ndoo. Mgeni anakaa kwanza kwenye benchi la zizini, hafanyi kitu, mpaka mnyama amfuate mwenyewe. Ndiyo desturi yao.

Benchi lenyewe la watoto wa chekechea! Magoti yamenigusa kidevu. Nimekaa hadi nikaona sasa nadharauliwa, nikaondoka. Kuku mmoja mwekundu kanitazama kwa jeuri. Nimemwekea kinyongo.

Jumanne, 4 Machi

Mkono mtupu haulambwi. Wahenga walisema, mimi nikatekeleza. Nimejaza chumvi mifuko yote ya suruali, nikajipaka na viganjani, nikaingia zizini mpole kama bwana harusi.

Wakaja! Wote! Nikaanza kuwaita watu waje washuhudie. Kumbe viumbe hawa hawana breki! Mbuzi mmoja kaingiza kichwa mfuko wa kushoto, mwingine wa kulia, kondoo dume kashika nyuma, kila mmoja akavuta kwake. Suruali imetoka vipande. Suruali yangu ya kutokea! Watoto wamecheka mpaka mmoja kadondoka kwenye bembea.

Mama Buti kanipa ovaroli la pale. La waridi. Lina sungura kifuani. Nimerudi nalo nyumbani kupitia barabara kuu, mbele ya duka la vipuri. Mwenye duka kaniuliza kama nimepata kazi mpya. Vipuri nitanunua kwingine mpaka nife.

Jumatano, 5 Machi

Adui yangu nimemjua. Ni mzee mmoja mstaafu wa posta, wanamwita Bahasha. Hafanyi lolote! Anakaa kwenye benchi, mikono magotini, anasinzia, na wanyama wote wanamfuata. Bata miguuni, sungura ubavuni, punda kamwekea kidevu begani. Ana nini yule? Hata meno hana.

Nimechunguza, nikagundua. Ni koti! Lile koti lake la kahawia lina harufu wanayoipenda. Alipokwenda kunawa mikono kaliacha msumarini. Nimelivaa. Asiniambie mtu ni wizi. Ni utafiti.

Na punda akaja! Moja kwa moja! Kaniwekea kidevu begani, pumzi zake za moto zikaniingia sikioni. Kwa dakika chache sikuwa na hasira na mtu yeyote. Hali ngeni kabisa, nikadhani naugua. Kisha kaingiza mdomo mfukoni mwa koti, kachomoa karoti, kaondoka nayo.

Karoti! Mzee wa watu anahonga!

Bahasha kanikuta nimelivaa. Nikakunja ngumi kabisa, tayari. Kasema limenikaa vizuri, nibaki nalo, yeye ana jingine, na asubuhi siku hizi kuna baridi. Kanizawadia kitu nilichomwibia! Kuna tusi kubwa kuliko hilo? Nimerudi nyumbani nachemka. Koti lina joto zuri, lakini nimelivaa kwa hasira.

Alhamisi, 6 Machi

Siku ya nuksi. Mteja kanifokea eti friji niliyomtengenezea inapasha maziwa moto. Jambo dogo kama hilo, mtu anapandisha sauti mpaka majirani wanatoka! Sijui watu wa siku hizi wamelelewa wapi.

Nimekwenda Kishamba kutafuta wa kugombana naye. Hakuna mtu. Nimejibwaga kwenye benchi, sina mpango wowote, nikaanza kusema peke yangu. Nimemsema mteja. Nimemsema shemeji, aliyempokea mke wa mtu bila hata kuuliza. Nimelisema kabati. Nimesema nyumba imekuwa kubwa ghafla. Nimesema kikombe chake kipo mezani pale pale na siwezi kukiondoa. Punda kasimama mbele yangu, masikio yamelegea, hanikatizi. Yule kuku mwekundu kapanda mapajani, kalala. Sikuwa na nguvu za kumfukuza.

Kisha Mama Buti kaja kuniuliza kama kweli mimi ni fundi friji. Friji ya maziwa ya wanakondoo imekufa. Nimeitengeneza huku nawalaani wote walioichokonoa kabla yangu. Muuguzi wa zahanati kanishikia tochi, mama mmoja wa mapacha kaleta chai, Bahasha ananipa bisibisi kabla sijaomba. Ikawaka. Wakapiga makofi, wakasema huyu ndiye fundi wetu. Wetu! Nani kawapa ruhusa?

Na muda wote huo punda kaniegemezea kichwa mgongoni, mtu nashindwa hata kukaza skrubu. Namfukuza, anarudi. Namfukuza, anarudi. Kero tupu.

Siku imepotea bure. Kwenye mpango wangu sijasogea hata hatua.

Ijumaa, 7 Machi

Nimempigia mke wangu. Nilijiandaa kufoka, lakini alipokea kwa sauti ya chini, nikakosa pa kuanzia. Nimemwambia aje kesho saa kumi Kishamba, aone kwa macho yake mnyama anayekaa na mimi. Kaniuliza kama nakula. Nikasema hilo halihusiani. Kasema haya, atakuja.

Atakuja! Nimenyoa ndevu. Nimefua ovaroli, maana suruali ni marehemu. Mchana kutwa nimemfundisha punda. Nikikohoa mara moja, aje. Nikikohoa mara mbili, kidevu begani. Hakuna alichoelewa. Kila nikikohoa anakuja muuguzi, ananiuliza kifua kimeanza lini.

Nikapandisha mori. Nimetupa ndoo, bata wametawanyika. Bahasha kanipigapiga bega, kasema hasira hasara, ndugu yangu. Nikamwambia methali zake azibandike stempu azitume mbali. Kacheka mpaka machozi. Mzee huyu hatukaniki! Unamtupia tusi, yeye anakusogezea kiti.

Jumamosi, 8 Machi

Kaja. Saa kumi kamili. Gauni lake la kijani, ninalolipenda. Na lile begi lake kubwa, limejaa mpaka zipu inataka kupasuka. Sijui alikuwa anaelekea wapi na mzigo wote ule. Sikuuliza, tulikuwa na jambo la maana.

Nimemketisha kwenye benchi, ubavuni kwangu. Wote walikuwepo, na watoto wameacha bembea. Mama Buti kamsalimia, kamwambia fundi ni mtu wetu hapa. Kuku kaja kupanda mapajani kwangu bila kuitwa. Mke wangu kanitazama, ovaroli la waridi, sungura kifuani, kuku juu ya sungura, akatabasamu. Siku nyingi sijaliona tabasamu lile. Kasema hapa umepoa, baba. Kasema hata sauti yako imebadilika. Mkono wake kauweka kwenye benchi karibu na wangu. Karibu sana.

Ningenyamaza. Lakini shahidi alikuwa bado. Nikakohoa.

Punda akaja. Taratibu, masikio mbele, kama tulivyofundishana. Akanipita! Kanipita mimi, kaenda kwa mke wangu, kamwekea yeye kidevu begani! Na macho akafumba!

Fadhila za punda ni mateke! Nimeinuka, kuku karuka, nimefoka mpaka sungura wameingia mashimoni. Nimemwambia mke wangu amwachie punda wangu. Wiki nzima nahangaika, nimechaniwa suruali, nimekohoa mpaka koo limewaka, yeye kaja leo, kakaa tu, keshampata! Nimesema hata hapa kanifuata kuniharibia. Nimesema na hilo begi lake linawazibia bata njia. Nikalipiga teke.

Mke wangu kakiondoa kidevu cha punda kwa mikono miwili, polepole. Kampapasa paji la uso. Kainuka, kabeba begi, kaenda zake. Hakusema neno. Maneno ningeyajibu. Nimesimama langoni mpaka akapotea kwenye kona ya zahanati, na hata alipopotea nikabaki nimesimama. Imeniuma. Naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma. Imeniuma sana.

Jumapili, 9 Machi

Binti yangu kapiga simu. Kasema jana mama yake alifungasha nguo zake zote. Alikuwa anarudi nyumbani. Alimuaga shemeji kabisa, akasema akitoka Kishamba ataongozana na mimi.

Nimekaa chini, sakafuni, jikoni. Kisha nikafoka. Kwa nini hakusema? Mimi mganga, nione yaliyomo ndani ya begi? Binti kasema, baba, usinifokee, mimi si kabati. Kasema nenda kamwombe mama msamaha. Neno moja tu. Bado anasubiri, na begi hajalifungua.

Nimetafakari sana. Nimezunguka Kishamba mara nyingi, punda nyuma yangu. Na nimekubali. Mimi si mtu wa kichwa kigumu. Kosa limefanyika, na msamaha lazima uombwe, leo hii, kabla begi halijafunguliwa.

Lakini tuwe wakweli. Nani aliitwa huku akaenda kule? Nani aliyevunja makubaliano mbele ya watu wote? Mimi nilikohoa sawasawa. Punda ndiye aliyekosa, na punda ndiye atakayeomba msamaha.

Bahasha kajitolea kunisindikiza, mimi na yeye tu, punda abaki. Namjua huyo! Anataka punda abaki ili baadaye amhonge karoti.

Shemeji anakaa ghorofa ya tatu. Ngazi ni nyembamba, lakini punda ana miguu minne. Mama Buti amekataa katakata kunipa kamba. Nina kamba yangu.