Mashine ya Kibomet Isisome Ugonjwa wa Pikapu Yangu Mbele ya Wakwe

Mabanga, Bungoma

Ndugu Mwenyekiti wa Mafundi wa Magari, Kitale,

Natumai u mzima na kazi haikosi. Mimi ni mkulima, shemasi, na mwenye pikapu nyeupe ambayo haikuwahi kunivunjia heshima hadi Jumamosi iliyopita. Siku hiyo tulipeleka mitamba wawili wa mahari kwa Mzee Kipngetich wa Kibomet, maana mwanangu Levi anamposa bintiye, Chelagat. Posa hiyo sasa inaning'inia, na ninayemlaumu ni mwanachama wako, fundi Chepkorir, pamoja na mashine yake ya kupima magari.

1. Pikapu ilianza kutetemeka langoni pa wakwe. Taa ya injini sikuiona, kwani niliibandika tepu nyeusi tangu Pasaka ili isinisumbue macho. Chepkorir, ambaye ni shangazi yake Chelagat, aliibandua bila hata kubisha hodi.

2. Alichomeka mashine chini ya usukani, akasoma kwa sauti mbele ya wazee kwamba silinda ya tatu haichomi mafuta. Kwetu mtu hafiki ukweni akaanza kutangaziwa maradhi, tena kabla ya chai.

3. Mashine ikazidisha umbea. Ilisema makosa yalifutwa kilomita tisini zilizopita, na kutoka zizini kwangu hadi Kibomet ni kilomita tisini. Kweli, asubuhi nilichomoa waya wa betri nikaurudisha ili gari lisahau makosa yake, lakini hayo yalikuwa kati yangu na betri.

4. Hili liliniuma zaidi. Aliitoa koili ya silinda ya tatu, yaani kile kifaa kinachosaidia kuwasha mafuta, akaifunga kwenye ya kwanza, akapima tena. Mashine ikashtaki ya kwanza, silinda iliyonitumikia miaka kumi na moja bila neno. Eti kosa likiifuata koili inakohamia, basi koili ndiyo imekufa. Mimi naona ni kumsingizia jirani.

Hapo Mzee Kipngetich akaniuliza, “Sasa Baba Levi, kama gari umelifichia ugonjwa, huyu kijana umembandika tepu wapi?”

Niliona aibu mpaka nikashindwa kuwatazama mitamba wangu mwenyewe. Levi hajala vizuri tangu siku hiyo.

Kwa hivyo naomba mashine zote zifundishwe kunong'ona. Majibu yatiwe kwenye bahasha, apewe mwenye gari peke yake. Gari lenye barua ya pasta lisipimwe kabisa.

Nisalimie mafundi wote na jamaa zao, hata Chepkorir, ambaye koili mpya aliyofunga inafanya kazi vizuri, kwa bahati mbaya.

Wako mwenye gari zima,
Jairus Khaemba

N.B. Kabla sijafunga bahasha, Mzee Kipngetich amefika kwa gari lake kuwauliza majirani tabia za Levi. Nimechungulia dashibodi yake. Pale penye taa ya injini pana kibandiko cha “Yesu Anaweza”, na pembeni mwanga wa manjano unatokeza. Tafadhali futa malalamiko yangu yote manne. Umtume Chepkorir hapa Jumamosi na mashine yake, asome kwa sauti kubwa. Wazee nitawaita mimi.