Kasungami kwa Dakika Kumi na Moja

Jumatatu, tarehe 4 mwezi wa nane
Nimepata kazi! Zone ya afya, ofisi inayosimamia vituo vya afya vya kwetu, imenipa simu yenye ramani. Natoka katika kila mtaa wa Kasungami, natembea mpaka kituo cha afya, simu inahesabu dakika. Penye safari ndefu zaidi, ndipo watajenga kituo kipya. Docteur Kalenga, mkubwa wetu, amesema mitaa kumi na miwili, kwa mguu. Kwa mguu, na vumbi hii ya kiangazi. Mwenzangu Brigitte amepewa mitaa ya Hewa Bora. Amekuja na viatu vya mpira na chupa ya maji. Anajipendekeza.

Jumanne, tarehe 5
Mtaa mmoja, mwendo wa saa moja na nusu. Malengelenge mawili. Basi nikatumia akili: nikapanda pikipiki ya rafiki yangu Elisée, simu mfukoni. Mitaa kumi na mmoja kabla ya saa sita! Kisha nikalala. Brigitte bado yuko kwenye mtaa wa pili. Maskini.

Alhamisi, tarehe 7
Ramani imefunguliwa mbele ya wote. Hewa Bora iko na nyekundu, rangi ya safari ndefu, hapa na pale. Kasungami yangu kijani tupu, dakika kumi na moja kwa wastani. Ule mtaa mmoja niliotembea kweli, Docteur amesema simu ilikosea, ameufuta. Brigitte akauliza kama watu wa Kasungami wako na mabawa. Wivu. Mwishoni Docteur akatangaza kwamba kituo kipya kinakwenda Hewa Bora, Kasungami haina shida. Nilipiga makofi, lakini kidogo.

Ijumaa, tarehe 8
Nimempa habari ya ramani yaya Adolphine, dada yangu mkubwa ninayekaa kwake Kasungami. Mimba yake ni ya miezi nane. Akaacha kusonga bukari, akauliza ni nani amesema dakika kumi na moja. Nikasema simu. Akasema hiyo simu haijabeba mimba. Akanikumbusha kwamba Séphora wake alizaliwa njiani, kando ya shamba la watu, damu ikagoma kukatika. Akasema safari hii anaogopa. Yaya haogopi kitu. Chakula kilinishinda.

Jumatatu, tarehe 11
Jumamosi nilimwambia Brigitte ukweli. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akafunga viatu akaja. Tumetembea mitaa yote. Leo yaya alikuwa anaenda kupima mimba, tukamfuata na simu. Saa moja na dakika hamsini, kapumzika mara nne. Nilimbebea mfuko tu, na nilichoka.

Jumatano, tarehe 13
Nimemweleza Docteur yote, amenikaripia mbele ya kila mutu. Nilistahili. Kisha ameweka ramani mpya: Kasungami nyekundu yote. Kituo kinajengwa kwetu kwanza, Hewa Bora itafuata. Banamama wa mtaa wamepiga vigelegele, yaya amelia. Mimi pia, kidogo.

Jumamosi, tarehe 16
Docteur amenipa nafasi ya mwisho: vijiji vya Kasenga. Ameniapisha kwamba hakuna pikipiki. Nimeapa kwa moyo wote, maana kosa langu nimelielewa: pikipiki inakimbia mno. Kule nitatafuta mama mjamzito anayekwenda kupimwa, nimpe simu aibebe, nami nimsubiri kivulini mpaka arudi.