Jinsi Munezero Alivyowarudisha Ng'ombe Wanne wa Mzee Ngoga

Njoni, enyi watu wa Misiera na Kabingo! Zimeni redio, shukeni pikipiki, msikie habari za Munezero binti Kalume, mshika kibodi asiyetetereka, na vita alivyopigana mwaka 2015 kwa ajili ya neno moja.

Munezero alikuwa amewaundia wafugaji ukurasa wa mtandao, ili kila mmoja aone ng'ombe wake walioandikishwa kwa chanjo. Asubuhi ya chanjo akaingia ofisini Mzee Ngoga, bwana wa malisho, fahari ya Kivu ya Kusini. Akaandika jina lake, akabonyeza. Kioo cha kompyuta kikatamka mbele ya halaiki ya wafugaji: HUNA NG'OMBE.

Fimbo ikamponyoka.

"Mutoto yangu," alinguruma, "vita ilikula ng'ombe zangu kule Minembwe. Nilianza upya huku ukimbizini, leo niko na ng'ombe ine. Na hii mashini inanitukana mbele ya batu? Futa jina yangu! Chanjo yenu sitaki!"

Wafugaji kumi na wawili wakainuka wamfuate.

"Papa, ngoja kidogo," Munezero akasihi. "Ng'ombe zako ziko Mbarara, zinakuja."

"Mbarara! Nani amezipeleka Mbarara bila kuniuliza?"

Hapo Munezero akamtambua adui. Orodha ilikaa kwenye seva mjini Mbarara, na safari yake hadi Misiera ilikuwa ya sekunde sita. Lakini jedwali la ukurasa, lenye pupa kuliko majeshi yote, lilijua hali mbili tu, kuwa tupu na kujaa, na kabla jibu halijafika lilijiona tupu, likapiga kelele.

Akaketi, akakunja mikono ya shati. Akalifundisha jedwali hali mbili mpya: kungoja, na kukiri kwamba mtandao umekatika. Akaliharamishia neno HUNA mpaka jibu lifike. Bano moja la msimbo likatoroka safuni; akalisaka katika mistari arobaini, akalirudisha mateka.

"Bonyeza tena, papa."

Mzee akabonyeza. NGOJA, NG'OMBE WAKO WANAKUJA, kioo kikasema kwa adabu. Mzee akavua kofia. Kisha wakajitokeza, mmoja chini ya mwenzake: Bihogo, Gaju, Sine, Mahembe.

"Hata Gaju iko!" akanong'ona, akikipapasa kioo kama shingo ya ng'ombe.

Basi na iandikwe, vizazi visome: siku ile, pale Misiera, wafugaji kumi na watatu walisimama kwa zamu mbele ya jedwali lisilo na kitu, wakangoja, na safari hii hakuna hata mmoja aliyetukanwa.