Kifungio cha Meza na Bangili ya Mama Mkwe

Jumatatu, 15 Januari 1979. Runazi.
Bahati imebisha hodi karakanani kwangu! Shafti ya mashine ya kusaga ya kijiji imelika. Spea haziji, malori yote yamekwenda vitani. Mwenyekiti Pancras ameniletea niichonge mfereji mpya wa kushikia puli kwa mashine yangu ya kuchonga chuma, ile niliyoitoa kwenye vyuma chakavu vya misheni nikaiunga na baiskeli. Nikifaulu, mimi ndiye fundi wa kijiji. Kwaheri jembe la shamba la ujamaa! Nikishindwa, kazi ni ya Ansbert, fundi baiskeli, ambaye eti angechonga kwa tupa. Kwa tupa! Nimecheka mpaka mke wangu Ernesta akauliza naumwa nini.

Jumanne, 16 Januari.
Tatizo ni meza ya mashine. Chuma kikikatwa, inateleza. Skrubu ya kuifunga ipo, ila inataka spana, na spana ilipotea. Nimeiunganishia mkono wa pedali ya baiskeli. Sasa nafunga na kufungua kwa kuvuta tu. Akili nyingi! Kasoro moja: skrubu inachimba reli ya meza. Katikati panataka kipande laini cha shaba. Shaba gani wakati wa vita?
Jioni mama mkwe, Bi Nshoma, amefika kutoka Shinyanga. Nimemwona kwa mbali, maana mkwe hatazamwi. Bangili za shaba mikono yote miwili.

Jumatano, 17 Januari.
Kwetu Wasukuma, mama mkwe akiingia mahali, mimi natoka. Nitaombaje? Nimemtuma Ernesta. Jibu: bangili ni za marehemu bibi, mizimu itauliza. Haya. Sikuomba tena. Alipokwenda kuoga aliacha moja kichanjani. Nimekata kipande kama kifungo cha shati, iliyobaki nimeirudisha kwa heshima zote. Meza haitikisiki! Marehemu angejivunia.

Alhamisi, 18 Januari.
Ole wangu. Ernesta alikuwa juu ya baiskeli, anakanyaga na kulalamika. Mfereji ulinyooka vizuri. Nikalegeza kifungio nisogeze meza kidogo. Hapo hapo akaingia mama mkwe, ameshika bangili yenye pengo. Ningefanyaje? Mila ni mila. Nikarukia nje kupitia dirisha. Ernesta, aliyenipa mgongo, akaendelea kukanyaga. Meza ikavutwa. Mfereji umepinda kama njia ya ng'ombe. Maneno ya mama mkwe nimeyasikia yote nikiwa migombani.

Ijumaa, 19 Januari.
Ansbert ameigeuza shafti, akachonga mfereji kwenye ncha ya pili. Kwa tupa. Mashine inasaga, vigelegele kijiji kizima. Mimi nimepalilia mihogo ya kijiji mpaka mgongo umekufa ganzi. Nimeona aibu, sikatai.
Mama mkwe ametoa hukumu kupitia Ernesta: kipande cha bibi kilipoingia ndipo kitakapokaa, naye atakaa nacho. Ametandika mkeka karakanani, kando ya mashine. Kwa hiyo siingii. Ernesta ameniambia, Baba Kazimili, umejifungia nje mwenyewe. Akacheka peke yake.

Jumamosi, 20 Januari.
Nimepata! Nimechungulia kutoka migombani nikapima kwa macho. Mkono wa kifungio ukirefushwa hadi nje ya dirisha, nitafunga na kufungua meza bila kuingia wala kumtazama mkwe. Mila salama, kazi inaendelea. Ansbert ajiandae!
Ila mkono mrefu unakaza kwa nguvu zaidi. Kipande kile hakitatosha. Mama mkwe bado ana bangili nzima mkono wa kushoto, na jioni huoga.