Cheti cha Pili na Neno Lisilotamkwa Wodini

Jumatatu, 4 Machi

Theluji tena. Na jibu la barua yangu ya arobaini na moja: hapana. Hawa watu nimewakosea nini? Mimi, Marlys Tveit, miaka kumi na tisa katika uuguzi, nina cheti cha kupima na kuandikia dawa familia nzima, kuanzia kichanga hadi bibi kizee. Sasa nataka cha pili, cha afya ya akili. Chuo kinafundisha, lakini msimamizi wa mafunzo ya wodini jitafutie mwenyewe! Nimebembeleza jimbo zima la Minnesota. Fomu isipokuwa na sahihi Ijumaa saa kumi na moja jioni, nafasi yangu imekwenda. Mwaka jana pia ilikwenda hivyo hivyo. Mara ya tatu hawanipi.

Amebaki Ingrid Solheim, mkuu wa wauguzi wa akili hapa hospitalini kwetu. Anachukua mwanafunzi mmoja tu kila muhula. Na Trent Bickford, muuguzi wa wodi ya dharura, naye anataka nafasi hiyo hiyo. Trent! Miaka ishirini na tisa, meno meupe pe, kila mtu kwake ni "rafiki yangu".

Kwenda kumwomba Ingrid moja kwa moja? Thubutu. Mtu mkubwa huandaliwa kwanza.

Jumanne, 5 Machi

Nimeamka alfajiri kupika. Nyama ya kusaga, supu ya uyoga ya kopo, viazi vya kukaanga juu. Sinia zima. Nimeliweka chumba cha mapumziko, na kikaratasi: Kwa Ingrid na wenzake, kutoka kwa Marlys.

Wenzake wamefika kabla yake! Nilipochungulia saa sita, kimebaki kipande kimoja. Na kwetu hapa nani anathubutu kula kipande cha mwisho, aonekane mlafi? Kila aliyeingia amekata nusu, akaacha nusu. Ingrid amekuja saa nane, amekuta kiazi kimoja, naye amekikata nusu. Kisha akamshukuru Trent, aliyekuwa anaosha vyombo!

Trent amesema hapana, ni Marlys huyo, fundi wa mapishi. Mnafiki. Anajua fika kwamba ukikataa sifa unapewa mbili.

Jumatano, 6 Machi

Nimepata dawa ya Trent. Ingrid ana vyeti ukutani hadi dari, lakini anaamini mwiko wa lile neno kama sisi wote. Muuguzi hasemi kwamba wodi "imetulia". Hata iwe tupu. Ukilitamka tu, ujue umeita balaa. Aliwahi kumnunia mfanyakazi mmoja mwezi mzima kwa sababu hiyo. Basi alitamke Trent, Ingrid akiwepo!

Kumjaribu, mara ya kwanza nimempigia Trent simu kumuuliza hali ya wodi. Kasema wanajikongoja. Mara ya pili kasema Mungu yupo. Ya tatu kaniuliza kama niko salama, maana nimepiga mara tatu kwa saa moja, rafiki yangu.

Alhamisi, 7 Machi

Siku ya mkosi. Niandike haraka nikalale.

Nilimfuata Ingrid kaunta ya wodi ya dharura, anakopimia wagonjwa wa akili wanaoletwa; Trent kando yake, wagonjwa wawili tu. Nikaona potelea mbali, kama hasemi nitamsemea. Nikamnong'oneza Ingrid, kwa huzuni ya kindugu, kwamba jana nilimsikia Trent akisema wodi imetulia.

Mnong'ono wangu ukasikika, wodi nzima ikageuka. Kumbe nani kalitamka? Mimi! Mbele ya mashahidi sita!

Haikupita dakika nne. Gari la wagonjwa. Halafu la pili. Kisha wazee wa kanisa walioanguka kwenye barafu wakitoka mazishini, mmoja kamshika mwenzake, wakaenda chini wote saba. Mpokezi akapaza sauti: Asante sana, Marlys! Mfagizi naye kanisonya.

Nilifunga mifupa hadi mikono ikafa ganzi. Walipopungua, nikajificha chumba cha mwisho. Humo alikuwemo Bwana Elmer Lund, mkulima, siku mbili hajala wala hajasema neno na mtu. Vizuri, nikasema, huyu hatanisonya. Nikakaa sakafuni nikamwaga yote: barua arobaini na moja, Trent, viazi. Nikalia kidogo. Mzee akanipa leso yake. Akasema mkewe Opal naye alikuwa akikasirika hivyo. Alizikwa Januari. Akaendelea kusema, mimi nikanyamaza, nimechoka. Akaomba mkate.

Nikageuka. Ingrid mlangoni! Sijui kasimama tangu lini. Nimekwisha.

Ijumaa, 8 Machi

Ingrid kaniita ofisini kwake saa kumi jioni. Nilivaa koti kabisa, tayari kufukuzwa.

Kauliza mdomo wangu una kidonda? Mwezi mzima ananisubiri nimwombe, mimi namletea viazi! Trent alimwomba siku ya kwanza, kwa dakika moja. Ila wiki iliyopita karudi kumwambia anichukue mimi kwanza, muda wangu unaisha, yeye atangoja muhula ujao.

Kisha akachukua kalamu, akatia sahihi. Saa kumi na dakika arobaini! Anasema kilichomwamua ni jana, nilivyomsikiliza Bwana Lund. Kumsikiliza? Nilikuwa nalalamika! Nikalia tena mbele yake, kwa furaha, bila aibu. Kaniambia naanza naye Jumatatu saa moja asubuhi, hukohuko wodi ya dharura. Na sharti moja: vitimbi basi.

Nimeapa.

Jumamosi, 9 Machi

Nimelala, nimeamka, nimeelewa. Ni viazi. Vilichelewa kufanya kazi, lakini vilifanya. Ile nusu kiazi ilimwingia moyoni.

Na Trent? Mtu gani anampa mwenzake nafasi yake bure? Ana jambo. Asubuhi kaniachia keki mlangoni, kaandika Hongera, rafiki yangu. Nimeila yote ili nisiache ushahidi.

Sitamngoja anianze. Nimeangalia ratiba: yuko zamu Jumatatu, saa moja asubuhi, wodi ya dharura. Nitafika kabla yake, nisimame katikati ya wodi, niliseme lile neno mara tatu. Tuone atakimbilia wapi.