Uzinduzi wa Kituo cha Lugha kwa Mabinti Waendao Uarabuni

Mheshimiwa Mwenyekiti, Mheshimiwa Naibu wake, mashekhe, wachungaji, mastekiholda, machifu mliofika na mliokwama matopeni, akina mama mliokaa juani kwa kuwa hema ni la wageni, itifaki imezingatiwa! (Makofi, meza kuu peke yake.)

Mimi Chirau, Mkurugenzi wenu mpendwa, baada ya siku kumi na mbili za benchimaki kule Muscat, ambako kwa unyenyekevu nililala ghorofa ya kumi na saba, nimegundua kwamba binti wa Msambweni anayekwenda kufanya kazi ng'ambo anahitaji walau lugha kidogo ya wenyeji. Mimi mwenyewe niliposhikwa na jino nilionyesha mdomo, nikaletewa chakula mara tatu. (Vicheko.) Ndipo ofisi yangu, kwa frimuwaki ya kistratejia, ikaasisi Kituo hiki, ambacho tayari kimewafikia asilimia tisini na nne ya walengwa.

Wapo wachochezi wanaouliza, walimu wa Kiarabu wako wapi? Jamani! Nani hapa hakukhitimu msahafu? Kiarabu mnacho tangu utotoni, kilichobaki ni kapasiti bildingi tu!

(Bi Mwanaima, kutoka juani: “Mwanangu Chirau, hata mimi nimekhitimu. Mjukuu wangu Twaiba anapanda ndege Ijumaa. Akishikwa na tumbo nyumbani mwa watu, awasomee Yasini ndio wajue anaumwa?” Kicheko mpaka meza kuu.)

Shikamoo mama yangu, swali zuri mno, litajibiwa katika awamu ya pili.

(Bi Mwanaima: “Awamu ya pili si atakuwa kesharudishwa ndani ya sanduku!” Mkurugenzi anafunua ukurasa.)

Naam. Lugha ni daraja! (Mbuzi analia.) Kituo oyee! (Mbuzi tena.)

Kwa kumalizia, namshukuru Bi Warda, aliyefanya kazi za watu Muscat miaka kumi na tisa, kwa kutuazima baraza lake na mabinti saba anaowafundisha kila alasiri, ili tutundike bango letu mpaka picha zipigwe. Fundi, lishushe taratibu, lisikunjike. Kesho tunazindua Majoreni.

(Bi Warda: “Chukueni na viti vyenu, wanangu wamezoea mkeka. Twaiba, njoo hapa mbele. Hospitali?”

“Mustashfa.”

“Kwa sauti, mama. Huko hutakuwa na bibi wa kukusemea.”

“Mustashfa!”

Bi Mwanaima, machozi yakimlenga, analitamka neno hilo pamoja naye.)